Sura ya Saba: Futi Kumi kwa Kumi

Aliyenifundisha maana ya urefu wa lenzi ni bibi mmoja wa Ngamiani, Tanga, na sidhani kama aliwahi kushika kamera maishani mwake. Ilikuwa siku ya nikahi. Wanaume walishamaliza mambo yao msikitini, bwana harusi ameshaingia kumpa mkono mkewe, ametoka, na sasa ilikuwa zamu ya picha ya bi harusi na wakubwa wake: mama yake, mashangazi wawili, somo wake, na bibi mwenyewe amekaa katikati kama mwenyekiti wa kikao. Chumba futi kumi kwa kumi, na kitanda kilishakula nusu yake. Nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka visigino vikagusa ukuta. Kwenye kioo cha kamera naona nyuso tatu na bega la mtu wa nne.

“Mwanangu, sogea nyuma kidogo tuingie sote.”

“Bibi, nyuma yangu ukuta.”

“Basi toka nje upigie dirishani.”

Nikatoka. Picha ile nimeipiga nikiwa uani, mguu mmoja juu ya ndoo iliyofudikizwa, lenzi nimeipenyeza katikati ya nondo za dirisha, na watoto wa jirani wananicheka. Walitokea wote sita. Ukiitazama vizuri, pembeni kushoto kuna utusitusi wa wima ambao familia mpaka leo inadhani ni pazia. Ni nondo.

Lenzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya milimita 50, tundu f/1.8, ile ambayo mafundi wa picha huiita “fifti” tu. Niliinunua kwa sababu kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: lenzi ya kwanza baada ya ile iliyokuja na kamera ni fifti. Ushauri haukuwa wa uongo. Ila walionishauri hawakuniuliza swali ambalo bibi aliliona mara moja: utasimama wapi?

Nianze na kile ambacho fifti inakupa, maana inakupa kingi. Lenzi ya namna hii tunaiita praimu, yaani haivuti wala haisukumi. Ukitaka mtu aonekane mkubwa unamfuata kwa miguu. Tena tunaiita lenzi ya kasi, na hapo wengi hupotea. Lenzi yenyewe haikimbii popote, na nyingine za bei nafuu hutafuta fokasi taratibu kama kobe. Kasi ni ya shata. Tundu la lenzi likiwa pana, mwanga unaingia mwingi kwa mara moja, na shata inapata ruhusa ya kufunga upesi.

Ile namba ya f ni hesabu ya kugawanya: urefu wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Ndiyo maana namba ikipungua, tundu linapanuka. Fifti iliyofunguliwa mpaka f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28, sawasawa na kizibo cha soda. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja ndani ya boksi la kamera, ukiivuta mpaka mwisho inafika f/5.6, na kwa milimita hamsini tundu hilo ni kama punje ya hindi, milimita tisa hivi. Linganisha eneo la kizibo na la punje: karibu mara kumi. Kwa lugha ya sebuleni, usiku, taa moja ya dari, ISO 1600: punje ya hindi inakulazimisha shata ya 1/15, na hakuna mtoto wa miaka minne anayeweza kutulia kwa muda huo. Kizibo kinakupa 1/160. Mtoto anaweza hata kucheka.

(Kwenye kumbi za sherehe usifurahi mapema. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: ukipita 1/100 picha moja inatoka ya njano, inayofuata ya zambarau, au unapata michirizi katikati ya uso wa bi harusi. Kwenye send-off mimi hubaki 1/100 na kuomba washereheshaji wasirukeruke.)

Sasa turudi kwenye ukuta wa Ngamiani. Kamera yangu ilikuwa na kihisi kidogo, cha ukubwa unaoitwa APS-C, kama zilivyo kamera nyingi za bei ya kuanzia. Kihisi kikubwa, fulu fremu, kina upana wa milimita 36. Changu kilikuwa na 23 na ushei. Lenzi ni ileile, lakini kihisi kidogo kinakata kipande cha katikati tu cha kile inachokionyesha, ni kama kutazama mtaa kupitia dirisha dogo zaidi.

Hesabu yake haihitaji kwenda shule ya picha. Gawanya upana wa kihisi kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama. Futi kumi ni mita tatu. Fifti kwenye fulu fremu, ukiwa mita tatu, inachukua upana wa mita mbili na sentimita kumi na sita: wanawake sita waliobanana wanaingia. Fifti hiyohiyo kwenye APS-C inachukua mita moja na arobaini. Nyuso tatu na bega. Weka lenzi ya milimita 35 kwenye APS-C, unarudi kwenye mita mbili. Yaani lenzi niliyodhani nimenunua, ile “ya kawaida” inayosifiwa kwenye vitabu vyote, kwenye kamera yangu ilikuwa inaitwa 35, si 50. Na mimi nilikuwa uani juu ya ndoo kwa sababu ya milimita kumi na tano.

Hata hiyo 50 yenyewe kuitwa lenzi ya kawaida kuna kisa chake. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ndiye aliyeunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na fremu yake ikawa milimita 24 kwa 36. Leica iliingia sokoni mwaka 1925 na lenzi ya milimita 50, f/3.5, iliyochorwa na mwenzake Max Berek. Kanuni ya wakati ule ilisema lenzi ya kawaida iwe na urefu sawa na mshazari wa fremu. Mshazari wa 24 kwa 36 ni milimita 43. Hamsini ikaja ndefu kidogo, ikakaa, ikazoeleka, na dunia nzima ikafuata. Henri Cartier-Bresson akaifanya macho yake. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba 50 ni “kama jicho la binadamu linavyoona,” mwitikie tu kwa adabu. Ni kama mshono wa kanzu: kuna aliyeukata hivyo siku ya kwanza, na sisi tukauvaa.

Kinachoifanya iwe rahisi kwa bei ndicho kinachonifurahisha mimi zaidi. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kiwanda cha Zeiss alichora lenzi aliyoiita Planar, vioo sita vilivyopangwa kama watu waliokaa kuangaliana, nusu ya mbele ikiakisi nusu ya nyuma. Mpangilio huo una tabia nzuri: makosa ya upande mmoja yanafutwa na upande wa pili. Mistari haipindi, rangi hazikimbiani pembeni. Shida ilikuwa kwamba kila uso wa kioo unaogusa hewa unarudisha mwanga kidogo, na nyuso zikiwa nyingi picha inafubaa, inakuwa kama imepigwa kupitia mvuke wa chai. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1935, Alexander Smakula, pale pale Zeiss, alipopata hataza ya kupaka vioo utando mwembamba unaozuia mwanga kurudi. Tangu hapo ukoo wa Planar ukazaana. Fifti nyingi za f/1.8 zilizotengenezwa kwa kamera za filamu na za DSLR ni wajukuu zake.

Halafu kuna bahati ya nafasi. Kwenye DSLR kuna kioo kinachoruka kila unapopiga, na ili kipate nafasi lazima kitako cha lenzi kikae mbali na kihisi: milimita 44 kwa Canon EF, 46 na nusu kwa Nikon. Lenzi ya 50 inatosha pale bila ujanja wowote. Lenzi fupi kuliko hapo lazima iongezewe vioo vya kuisukuma picha nyuma, na kila kioo ni pesa na uzito. Ndiyo sababu Canon iliweza kuuza 50 f/1.8 II tangu 1990 hadi 2015, gramu 130, plastiki mpaka kitako, vioo sita tu, kwa bei ambayo haikununulii hata stendi ya maana. Iliyoirithi mwaka 2015, ya STM, ina kitako cha chuma na haipigi kelele kama ile. Ukiwa na fulu fremu, au ukipiga zaidi picha za mtu mmoja mmoja, sina ubishi: nunua hiyo, au nduguye wa Nikon wa f/1.8G aliyetoka 2011, uendelee na maisha.

Mwenye APS-C afikiri zaidi. Wa Nikon ana bahati, kuna 35 f/1.8G ya DX, yaani ya kihisi kidogo, tangu mwaka 2009, ndogo na nafuu. Sony na Fujifilm wana 35 zao. Wa Canon DSLR hakuwahi kupewa 35 ya f/1.8 iliyotengenezwa kwa kihisi kidogo. Alipewa 24 f/2.8 mwaka 2014, nyembamba kama mandazi yaliyokataa kuumuka, ambayo haina kasi sana lakini chumbani inaingia. Na wa Nikon naye ana mtego wake: lenzi za zamani zenye herufi D hazina mota ndani, zinategemea mota ya kamera, na kamera ndogo za D3000 na D5000 pamoja na wadogo zao hazinayo. Lenzi itaingia, picha itatoka, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Mnunuzi wa mtumba akiona bei imeshuka ghafla, kwanza aitafute hiyo herufi.

Kuna njia ya kujua urefu wako bila kutumia senti. Chukua lenzi yako ya 18-55, ifunge kwa selotepu kwenye 35, piga hivyo kwa wiki nzima. Wiki inayofuata hamisha selotepu mpaka 50. Utajua mwili wako unataka ipi, maana utaanza kuichukia moja. Kwenye wiki ya 50 wengine hujikuta wanagonga makochi wakirudi nyuma. Wengine, hasa wenye haya, hupumua: wanapata sura ya mtu bila kumwingilia. Mimi nikiwa harusini ni wa 35, nikiwa sokoni ni wa 50, na nimeacha kujilaumu kwa hilo.

Sasa tundu pana lenyewe. Watu hulinunua kwa ajili ya mandharinyuma yaliyoyeyuka, na hawaambiwi kwamba kisu hicho kinakata pande zote mbili. Fifti kwenye APS-C, f/1.8, umesimama mita moja kutoka kwa mtu: eneo lililo kwenye fokasi, mbele na nyuma kwa jumla, ni sentimita mbili na nusu hivi. Pima usoni mwako. Kutoka kope za jicho la karibu mpaka sikio ni mbali kuliko hapo. Mtu akigeuza kichwa kidogo, jicho moja linakuwa kali na la pili limekwenda zake. Kwa picha ya mtu mmoja inaweza kupendeza. Kwa mashangazi wawili, mmoja ameegemea mbele, ni kesi: anayeonekana na ukungu atakuuliza amekukosea nini.

Stanley Kubrick alilijua hilo kuliko sisi sote. Kwa filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975 alitumia lenzi za Zeiss Planar za milimita 50 zenye f/0.7, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, ili apige ndani kwa mwanga wa mishumaa tu. Alifanikiwa, lakini fokasi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba waigizaji ilibidi wakae karibu kama sanamu. Ukiitazama filamu ile, utulivu wao unaonekana kama heshima za kizungu za karne ya kumi na nane. Kwa sehemu, ni hofu ya kutoka kwenye fokasi.

Hiyo ndiyo sababu siwasukumi watu kwenye f/1.4. Tofauti yake na f/1.8 ni theluthi mbili za hatua. Pale ulipopata 1/160 utapata 1/250. Kwa hiyo theluthi mbili unalipa mara mbili au tatu ya bei, na unabeba chuma. Kuna watu wanaoihitaji, wapiga picha za muziki wa usiku kwa mfano, na kuna watu wanaopenda kitu kizuri mkononi, nao sina neno nao. Ya f/1.2 nitaiongelea siku nikiimiliki.

Jambo moja la karibu zaidi, ambalo kwa pwani ni la kila siku. Kamera hutafuta fokasi kwa kutafuta tofauti, mweusi na mweupe, ukingo na ukingo. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi katika chumba chenye taa hafifu anaipa kamera kitambaa kitupu, na lenzi itakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Usilenge kifua. Lenga pale ushungi unapokutana na paji la uso, kuna ukingo pale, au lenga cheche ya mwanga ndani ya jicho. Kamera mpya za mirolesi, zisizo na kile kioo kinachoruka, hulitafuta jicho zenyewe na hazikosei sana. DSLR ya zamani inaweza kukosea kwa sentimita mbili kila mara, upande uleule, na kwa f/1.8 sentimita mbili ndiyo picha yote. Laza rula mshazari mezani, lenga namba moja, piga, kuza kwenye skrini uone ukali umeangukia namba gani. Ikiwa umehama, piga kupitia skrini ya nyuma, ambako fokasi inapimwa kwenye kihisi chenyewe, au tafuta fundi.

Mwezi uliopita kijana anayejifunza kwangu alinibeba mpaka Kariakoo, amepata fifti ya mtumba. Kioo kinang'aa, mwenye duka anaisifu. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kutoka nyuma huku nimekisukuma kile kiwiko kidogo cha kufungua tundu, maana lenzi za Nikon zikiwa nje ya kamera hujifunga. Ndani, karibu na ukingo, kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui mtoto.

“Vumbi tu hilo, mkubwa,” alisema mwenye duka.

Vumbi lina vidoa. Hili lilikuwa na mizizi. Unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ni chakula cha kuvu, na kuvu ikikaa sana inaula ule utando wa Smakula, na alama yake haisafishiki. Lenzi isikae kwenye mkoba wa ngozi wala kabatini katikati ya nguo. Yangu hulala kwenye kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika. Mchele ninaoambiwa niutumie nimeuacha jikoni, una unga wake.

Tukairudisha ile fifti. Nikamuuliza kijana: sebule ya kwenu ina urefu gani? Akacheka, akaonyesha kutoka kaunta mpaka mlango wa duka. Nyuma ya kioo cha kabati kulikuwa na 35 f/1.8 yenye mikwaruzo mwilini, ndani safi kabisa chini ya tochi, pete ya fokasi inazunguka bila kukwaruza mchanga. Akaichomeka. Duka lilikuwa na taa moja ya tyubu. Akafungua tundu lote, shata 1/100, akamlenga mwenye duka aliyekuwa ameegemea kaunta amenuna kwa ajili ya lile neno kuvu.

Tukaikuza picha kwenye skrini. Kope zinahesabika. Sikio limekwenda, na maboksi ya nyuma yamekuwa mabaka ya rangi.

“Hebu,” mwenye duka akasema, akanyoosha mkono kuichukua kamera. Akaitazama muda. “Hii nitumie WhatsApp.” Kisha akatoa kikokotoo chini ya kaunta, akapunguza elfu ishirini.